Hospitali Nzima Kabatini Mwangu

Jumatatu, 2 Machi

Injinia kaniletea kitabu hiki cha tarehe kutoka kazini kwake. Jalada lina picha ya hospitali. Akasema, "Mama, andika humo, uache kuongea peke yako." Mimi siongei peke yangu, naongea na nguo. Lakini nitaandika, maana nilipokuwa darasa la saba mwandiko wangu ulibandikwa ukutani, na mwalimu alisema ningeendelea ningekuwa karani. Sikuendelea. Nilimzaa aliyeendelea.

Injinia ndiye kifungua mimba wangu na ndiye kitinda mimba, sina mwingine. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Leo hii yeye ndiye mtunzaji wa kompyuta zote za hospitali ya saratani, na madaktari wakikwama wanamwita yeye. Mimi nauza mitumba. Sokoni hakuna anayenijua kwa jina alilonipa baba yangu. Naitwa Mama Injinia. Jina hilo nilijipa mwenyewe siku alipopata cheti chake, na aliyejisahau akaniita vingine nilimchagulia shati lenye tundu.

Wingu limejikusanya tangu asubuhi. Halijanyesha.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Nguo za watoto zimelowa. Mama Pacha kanicheka.

Jumamosi, 7 Machi

Nimweleze huyu Mama Pacha, maana atajitokeza sana humu, atake asitake. Meza yake na yangu zinagusana. Ana mabinti wawili pacha walioko sekondari, na ana mdomo wa pilipili. Wateja wangu anawavuta kwa kuwaita "mkwe", hata wazee wenye mvi. Tumegombana na kupatana mara nyingi kuliko mtu na mumewe.

Mwishoni mwa mwaka jana aligundulika na saratani ya titi. Mwezi uliopita wamempiga picha, zile za kuingizwa ndani ya mashine kama mkate, halafu madaktari wakachora ramani ya mahali mionzi itakapopita. Sasa anangoja zamu yake ya kuanza.

"Nimo kwenye kompyuta ya mwanao, shoga," kaniambia leo. "Mwambie asinipoteze."

Nikamjibu, "Mwanangu hajawahi kupoteza hata sindano."

Jumapili, 8 Machi

Tumeshinda nyumbani tunakunja nguo, mvua inapiga bati, na Injinia akawa ananieleza kazi yake. Napenda akinieleza, hata nisipoelewa najisikia nimesoma.

Kumbe vilivyomo kwenye kompyuta lazima viwekwe na mahali pengine, ili kompyuta ikifa visife nayo. Kazi hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya fundi mmoja mzee wanayemwita Mzee Nakala. Yeye huchukua faili moja moja, kama lilivyo, na kulinakili kwenye diski. Anakwenda hivyo polepole kama mtoto anayenakili ubaoni. Diski zake zimejaa tangu Desemba. Aliomba nyingine, daktari mkuu akamwambia asubiri.

Injinia anataka kuyabana. Yote yawe faili moja kubwa lililofinywa, nafasi inapungua kwa nusu, na hospitali nzima inaingia kwenye diski moja, na stoo wanazo mbili kuukuu. Mzee Nakala hataki. Amemwambia, "Binti, ukiyabana yote pamoja, likiguswa mahali pamoja yanakataa kufunguka. Langu likiharibika moja, limeharibika hilo moja."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, Mzee, wagonjwa wa kuanzia Januari hawamo kwenye nakala zako hata mmoja. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kuharibika, ni kweli."

Nikacheka mpaka nikaangusha shuka. Ulimi huo ni wangu.

Lakini naona moyo wake ulikuwa unasitasita, maana aliniuliza, "Mama, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Mimi! Basi nikamweleza kwa kazi yangu. Nikamwambia, umeona wapi nguo zikavuka bahari zikiwa rundo? Zinabanwa robota, zinakazwa mikanda, zinafika salama hata zikitupwa kutoka juu ya lori. Rundo kila apitaye anachomoa moja. Robota ni heshima.

"Basi iwe robota," akasema.

Iandikwe hapa kwamba wazo la robota ni la mama yake.

Alhamisi, 12 Machi

Daktari mkuu kamsifu mwanangu mbele ya kikao kizima! Amesema vijana wa namna hii ndio wanaotakiwa, wasiolilia vifaa vipya kila siku. Nimewaambia wote sokoni, na waliokuwa hawapo nimewafuata.

Jumamosi, 14 Machi

Robota limefungwa, limewekwa kwenye diski zote mbili. Moja imebaki hospitali, chumba kilekile cha kompyuta. Ya pili, Injinia alimwambia daktari mkuu kwamba lazima ilale nje ya hospitali, kukitokea moto. Wakaulizana ilale wapi, kila mmoja akaangalia pembeni. Basi imelala kwangu, kabatini, katikati ya shuka za wageni, ndani ya mfuko wa nailoni niliouziba kwa utepe. Nyumba yangu haivuji. Mzee Nakala eti ameuliza kama ni pakavu. Angekuja apapase.

Hospitali nzima, na magonjwa yake yote, kabatini mwangu. Nimefunga kwa ufunguo na ufunguo nimeuvaa shingoni.

Jumapili, 15 Machi

Leo ilikuwa siku yangu. Niliwaalika wanawake wa safu yetu ya mitumba waje wanywe chai na wamwone Injinia, maana tangu Alhamisi nimesimulia hadi sauti imekauka, na kuna walioanza kusema natia chumvi. Nikatandika kitambaa cha maua nilichokitoa kwenye robota mwaka juzi nikakataa kukiuza.

Narudi kutoka jikoni, namkuta mwanangu ametoa diski kabatini, ameiunganisha na kompyuta yake, waya zimetanda juu ya maua yangu.

"Unafanya nini, na wageni wako njiani?"

"Nalifungua robota, mama. Nataka nione kama kila kitu kinatoka. Sijalifungua lote hata mara moja."

"Litachukua muda gani?"

"Mpaka jioni hivi."

"Mpaka jioni! Na wao wanywe chai wamekalia waya?"

Nikamwambia sisi watu wa mitumba tuna adabu yetu. Robota zuri halifunguliwi kabla ya siku ya soko. Ukishakata mikanda, hata kama ndani ni nguo za daraja la kwanza, limekuwa rundo, na robota halirudi kuwa robota. Akasema hospitali si soko. Nikasema hospitali si soko lakini hapa ni kwangu. Akacheka, akachomoa waya, akaenda kuvaa gauni la bluu nililomwekea kitandani.

Mama Pacha alifika wa kwanza, kama kawaida yake penye sukari. Kaiona diski kando ya vikombe, kaishika, kaipima uzito kama anayepima kiatu.

"Mimi nami nimo humu?"

"Umo, mama," Injinia akamjibu. "Picha zako zote, na ramani yako."

"Na titi langu?"

Wenzake waliokuwa wakiingia wakaangua kicheko, yeye mwenyewe akijishika kifuani.

"Nimebanwa?"

"Umebanwa, mama, lakini ukifunguliwa unatoka vilevile ulivyoingia."

"Afadhali nibanwe. Huku nje nilishaanza kulegea."

Mmoja akatupiga picha kwa simu ya Mama Pacha. Kisha huyo Mama Pacha akanigeukia, jicho limejaa uchokozi: "Shoga, punguza. Mgema akisifiwa..."

Nikammalizia mwenyewe: "Tembo hulitia maji. Wangu si mgema, ni injinia."

Walikunywa birika mbili. Hakuna aliyeondoka bila kumpa mkono mwanangu.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua.

Jumapili, 22 Machi

Injinia alisema leo atalifungua. Alipotoka kuoga akajilaza kidogo, usingizi ukamchukua na viatu miguuni. Wiki nzima alikuwa anahamisha waya kwa sababu kuta za hospitali zina unyevu. Nikamvua viatu, nikamfunika blanketi. Sikumwamsha.

Ijumaa, 27 Machi

Mama Pacha amepata siku. Ataanza mionzi Jumatatu ya tarehe 13 mwezi ujao, na itakuwa kila siku kwa wiki kadhaa. Ameniomba nimwangalizie meza.

"Wateja wangu usiwaibe," akasema.

"Nitawaita mkwe kwa niaba yako."

Alitaka kucheka, akaacha. Nilimwona anakunja fulana moja ileile mara tatu. Mwanamke huyu tumepakana miaka yote hii, na sikuwahi kumwona akiogopa kitu, wala askari wa manispaa. Nikamwekea chai yangu mbele yake, nikajifanya sioni.

Jumanne, 31 Machi

Mvua kutwa. Soko limejaa tope, sikufungua.

Alhamisi, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumanne. Huko hospitali mfereji wa paa uliziba kwa majani, maji yakajikusanya juu ya dari ya chumba cha kompyuta, na leo asubuhi dari ikashuka yote. Injinia alikuwa ukumbini. Anasema alisikia kishindo, kisha mlio kama wa mafuta yanayokaangwa, kisha taa zote zikazimika. Alipofungua mlango maji yalimfika kwenye vifundo. Kompyuta kubwa inayobeba zote, wao wanaita seva, ilikuwa chini ya dari. Diski ya kwanza ilikuwa kwenye rafu juu yake. Nayo hivyo hivyo.

Alikuja nyumbani mchana huohuo, amelowa, hakunisalimu. Mwanangu hajawahi kuingia ndani asiniamkie. Akanyoosha mkono. Nikavua ufunguo shingoni nikampa.

Nikamwambia, "Unaona sasa faida yake? Hospitali iko hapa. Mama yako ameitunza." Nilisema hivyo. Nilikuwa najivuna hata leo, maji yote hayo, na mtoto anatetemeka.

Akauchana utepe kwa meno. Diski ilikuwa kavu kabisa, hata shuka zangu zilikuwa zinanukia sabuni. Akaifungasha ndani ya koti lake, akatoka mbio.

Ijumaa, 3 Aprili

Hospitali hakuna umeme, kwa hiyo Injinia na Mzee Nakala wamekuja kufanyia kazi hapa nyumbani kwangu. Kichwani mwangu nilikuwa nimemchora mzee mrefu wa madharau. Kumbe ni mfupi, anakohoa, na shati lake kola imegeuzwa kwa mkono ili upande uliochakaa ukae ndani. Kazi safi. Nadhani shati lenyewe lilitoka mezani kwangu.

Kuna mstari wa kijani kwenye kioo unaojaa polepole. Unafika katikati unasimama. Wanazima, wanaanza upya. Unafika palepale unasimama. Nimepika, hawajala. Nimepeleka maji, yakapoa... niseme yalipata vumbi, maji hayapoi.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Limekwama?"

Injinia hakugeuka. Mzee Nakala ndiye aliyenijibu, kwa upole. "Diski ilikuwa kuukuu, dada. Ina doa mahali. Faili lililobanwa namna hii linasomeka kwa kufuatana, kila kipande kinashikilia cha nyuma yake. Likifika kwenye doa linaachia."

Hilo nilielewa. Sweta la kufuma, uzi ukikatika katikati, huwezi kuvaa mkono wa mbele ya pale ulipokatika.

Jumamosi, 4 Aprili

Mzee Nakala kaleta mkoba wa diski zake. Zote zimefunguka. Chache zina faili moja moja lililokufa, yaliyobaki mazima. Nikampigia makofi, nikasema Mungu mkubwa, basi tumepona!

Akatikisa kichwa. "Zinaishia Desemba, dada. Nina nakala nzuri sana za watu waliokwisha kupona au kufa."

Jumatatu, 6 Aprili

Wametoa kilichotoka. Mafaili yalikuwa yamepangwa kwa kufuata nani alifika lini, wa zamani mbele, wapya nyuma. Kilichotoka ni nusu ya mbele, na hiyo nusu Mzee alikuwa nayo tayari. Ya nyuma ya doa hakuna. Kila aliyeanza matibabu mwaka huu hayumo popote duniani.

Nilimngoja Mzee aondoke. Kisha nikamuuliza mwanangu, "Lile doa lilikuwepo tangu siku ya kwanza?"

"Nadhani."

"Ungelifungua ile Jumapili ya chai, ungeliona?"

Alikuwa anakunja waya. Akaendelea kukunja.

"Ningeliona, mama. Na seva ilikuwa bado hai. Ningelifunga jingine."

Nikakaa chini. Nikasema, basi ni mimi. Akasema, "Jumapili ya pili hukunizuia, nililala. Na siku zote za katikati nilikuwepo." Alisema hivyo kunipunguzia, lakini alisema akiangalia waya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Uchungu wa mama je, unajulikana na nani, akiwa yeye ndiye aliyechoma kisu?

Jumanne, 7 Aprili

Nimekwenda sokoni. Mteja akaita, "Mama Injinia!" Sikuitika. Mama Pacha akaniuliza kama masikio yameingia maji. Hajaambiwa bado. Nami sikumwambia.

Jumatano, 8 Aprili

Ameambiwa. Hospitali walimpigia simu aende, wakampa karatasi. Alirudi moja kwa moja mezani, akatandaza nguo zake kama kawaida, kisha akasema bila kunitazama:

"Kumbe nilidondoka."

"Ulidondoka wapi?"

"Kwenye robota."

Akaendelea kutandaza. "Wananiambia nipigwe picha upya. Nikauliza lini. Mashine ya picha nayo ililowa, inangoja fundi kutoka nje. Tarehe 13 wamenifuta."

"Hospitali nyingine je?"

"Kuna foleni mpaka mlangoni. Nimeandikisha."

Mvua ikaanza, tukafunika nguo, yeye upande huu wa turubai, mimi upande ule. Chini ya turubai akasema, "Usimkaripie mtoto. Mimi na wewe tumewauzia watu makoti yaliyooza kwapa tukiapa ni mapya."

"Koti si titi."

"Koti si titi," akakubali. Kisha akasema, "Mwambie aje mwenyewe aniambie. Sitaki kuambiwa na karatasi."

Alhamisi, 9 Aprili

Nimempeleka. Chumba cha Mama Pacha kina kitanda kimoja na pazia, pacha wanalala nyuma ya pazia. Yeye alikaa kitandani, Injinia akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mimi nilibaki mlangoni, nusu ndani nusu kwenye mvua.

Mwanangu alimweleza yote, diski kuukuu, doa, dari. Hakumtaja daktari mkuu aliyekataa kununua diski. Hakumtaja mtu.

Mama Pacha akamsikiliza hadi mwisho. "Ulijua kwamba halifunguki?"

"Sikujua, mama. Ningejua kama ningejaribu."

"Kwa nini hukujaribu?"

Nilimwona anafungua mdomo. Nilijua jibu liko wapi, lilikuwa limesimama mlangoni linachuruzika maji. Akasema, "Niliamini tu."

Nikaingia ndani. Nikasema, "Alijaribu. Mimi ndiye niliyemfanya achomoe waya. Siku ile mlipokuwa mnakuja kunywa chai."

Mama Pacha akanitazama.

"Na chai yenyewe," akasema, "haikuwa na sukari ya kutosha."

Kisha akajilaza, akageukia ukutani. Tukaondoka.

Jumatatu, 13 Aprili

Leo angeanza. Ameshinda mezani, ameuza suruali mbili.

Ijumaa, 17 Aprili

Injinia amesimamishwa kazi hadi kikao kikae. Daktari mkuu anasema hakumbuki kama aliidhinisha jambo la kubana. Yuleyule wa vijana wa namna hii ndio wanaotakiwa! Nilitaka kwenda kumkumbusha, nikavaa hadi viatu. Injinia akasimama mbele ya mlango. "Mama, tafadhali. Safari hii usinisemee."

Nikavua viatu.

Alhamisi, 23 Aprili

Mama Pacha hajaja sokoni. Mgongo unamuuma.

Jumapili, 26 Aprili

Nimempelekea uji. Injinia humpeleka foleni ile ya hospitali nyingine kila asubuhi, kwa kuwa sasa hana kazi ya kwenda. Wanaondoka kabla sijaamka, wanarudi jioni. Sijui wanaongea nini huko kwenye benchi. Nikimuuliza mwanangu anasema, "Ananifundisha kuita wateja."

Jumatano, 29 Aprili

Amepigwa picha hatimaye. Injinia aliomba apewe picha zile mkononi, akazinakili palepale mbele ya wauguzi, akazifungua moja moja hadi wakamfokea.

Jumatatu, 4 Mei

Majibu. Imeshaingia kwenye uti wa mgongo na kwenye mapafu. Ramani ya zamani hata ingekuwepo sasa haifai. Daktari wa kule, mwanamke mdogo asiyetujua, Injinia alimuuliza waziwazi: angeanza tarehe 13, ingekuwaje? Akajibu huenda ingekuwa hivihivi. Huenda.

Mwanangu amerudi na neno hilo moja. Ameliweka mezani, na hakuna kati yetu aliyeligusa.

Ijumaa, 8 Mei

Mama Pacha hatoki tena kitandani. Leo alitaka kujua soko. Nikamwambia limejaa tope, hakuna biashara. Uongo, jua liliwaka na niliuza vizuri.

Akasema, "Mwanao ni mtoto mzuri."

Mimi, ambaye nimewahi kumsifu Injinia hadi kwa mkusanya takataka, sikuweza kusema "najua." Nikamkanda miguu. Ilikuwa baridi.

"Kikao kikikaa," akasema, "niitwe nikaseme. Nitawaambia wale wakubwa mtoto alitumwa kuchota maji kwa kikapu."

Hadi leo hakuna aliyemwita.

Jumatano, 13 Mei

Mama Pacha amefariki alfajiri. Injinia alikuwepo. Mimi nilikuwa naweka maji ya chai jikoni kwao, nilishatia sukari nyingi.

Jumamosi, 16 Mei

Tumemzika. Mzee Nakala alikuja, amevaa lile shati.

Jumanne, 19 Mei

Mvua zimekwisha. Pacha wameshika meza ya mama yao, zamu kwa zamu baada ya shule. Hawajui kuita, wanakaa tu kama wamekuja kununua. Nikawa nawaita mimi: "Mkwe! Mkwe, njoo huku kwa mabinti!" Mteja mmoja akaniuliza, "Mama Injinia, siku hizi unauza kwa jirani?" Nikamwambia mimi ni mama tu, achague nguo.

Ijumaa, 22 Mei

Kikao kimekaa. Mzee Nakala alisimama akasema yeye aliomba diski tangu Desemba na barua zipo. Wamemrudisha mwanangu kazini, lakini si kwenye seva. Atakuwa anafunga waya za simu. Hakulalamika. Zamani ningekwenda kupiga kelele getini.

Jumapili, 24 Mei

Pacha walikuja asubuhi na simu ya mama yao. Kioo kimepasuka na betri haikai, ukichomoa chaji inazimika. Mkubwa wao, aliyetangulia kutoka kwa dakika chache, ndiye aliyesema, "Dada, tunaomba ututolee picha za mama kabla haijafa. Na sauti zake."

Injinia akaipokea kwa mikono miwili. Akaiunganisha kwenye kompyuta, mezani palepale. Sikutandika kitambaa. Kisha akanigeukia.

"Mama. Nizibane au niziache kama zilivyo?"

Hakuniuliza kwa kunisuta. Ni kama alivyoniuliza siku ile tukikunja nguo, kwa kuwa mimi ni mama yake na nilikuwa nimekaa hapo.

"Ziache kama zilivyo," nikasema. "Kisha weka na zilizobanwa. Za tatu mpelekee Mzee Nakala. Kisha fungua."

"Nifungue ipi?"

"Zote. Moja moja. Hatuna mgeni leo."

Tukasogeza viti, wanne, mbele ya kioo kimoja. Akawa anafungua. Pacha wakiwa wachanga, huwezi kujua yupi ni yupi. Meza ya nguo. Pua ya mtu, alibonyeza kwa bahati mbaya. Sauti yake akimfokea mwenye nyumba, pacha wakacheka na kulia kwa pamoja. Sauti yake sokoni, "Mkwe! Mkwe, usipite kama hunijui!" Na nyuma yake, mbali kidogo, kuna sauti nyingine inasimulia kuhusu mtoto wake injinia. Injinia akaandika jina la sauti hiyo, akahifadhi.

Halafu ikafunguka ile ya siku ya chai. Mama Pacha yuko mbele, amekumbatia diski kifuani kwa mikono miwili, anacheka hadi ufizi. Mwanangu yuko kando yake na gauni la bluu, kichwa kimegeukia pembeni, anaitazama kompyuta iliyofungwa. Na mimi niko nyuma ya vikombe, mkono juu, mdomo wazi, nasema.

Injinia aliitazama, mkono umesimama juu ya kitufe.

"Imefunguka?" nikauliza.

"Imefunguka, mama."

"Fungua inayofuata."